Kibuyu cha Maziwa Juu ya Bawa

Nakumbuka siku ile tuliyotua majini, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Harusi nimeisahau nusu; nakumbuka fahali waliochinjwa na mvua iliyotunyeshea. Lakini siku ya Ziwa Magadi naikumbuka hata harufu yake. Nikiwa nimeketi barazani hapa Kitengela na ndege ndogo ipite juu ikielekea kusini, mimi hunyamaza mpaka sauti yake iishe kabisa. Wajukuu wangu wamezoea. Hunisubiri.

Nianze kwa kukwambia mimi ni nani, maana nasaha hupimwa kwa kinywa kinachoitoa. Mimi ni mtoto wa mfugaji. Sikupelekwa ng'ambo na serikali, wala na kanisa, wala na mjomba mwenye cheo. Nilijipeleka. Nilifika Kanada na koti la kuazima, nikaosha vyombo hotelini, nikazoa theluji milangoni pa watu ambao hawakuwahi kuniuliza jina, na kazi ikiisha nikasoma. Nikapata diploma ya ufundi wa injini za ndege. Iko ukutani sebuleni kwangu, ndani ya kioo, na mgeni akiingia huiona kabla hajaiona televisheni. Niliporudi nilijenga nyumba ya ghorofa, ya kwanza katika mtaa wetu kuezekwa vigae, nikaajiriwa kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji. Wakati huo sikuwa na mvi hata moja. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya ili ujue kwamba anayekuonya leo si mtu aliyeshindwa na maisha akaanza kuyasingizia. Karibu kila nilichokigusa nilikiweza. Kilichonishinda ni kimoja, na ndicho ninachokuletea.

Baba yangu na kaka yake, Leteipa, walizaliwa tumbo moja. Huyo Leteipa ndiye baba mkubwa wangu. Walichunga pamoja wakiwa wadogo, wakawa morani wa rika moja, na babu alipofariki aliwaachia ardhi hapa hapa Kitengela, enzi ambazo swala walikuwa wakinywa maji pamoja na ng'ombe. Nyanya yetu naye alipofariki alizikwa upande wa baba mkubwa, karibu na zizi. Halafu wanunuzi wa ardhi wakaja. Wewe umezaliwa ukakuta fleti, ukadhani zilikuwepo tangu uumbaji. Hazikuwepo. Baba mkubwa aliuza kipande chake, na ndani ya kile alichouza mlikuwa na kaburi la mama yao. Alisema hakujua mipaka ilifika pale. Baba yangu alisema kaka yake alijua. Mimi nilikuwa ng'ambo, siwezi kuwaamua.

Siku tingatinga lilipofika, baba alisimama mbele ya wazee akamwambia kaka yake: "Maziwa ya boma lako hayatapita kooni mwangu tena, mpaka uniletee kwa mkono wako mwenyewe na useme ulikosa." Kwetu, mwanangu, kumkatalia mtu maziwa yake si kukataa chakula. Ni kumwambia kwamba humjui. Baba akakusanya ng'ombe wake, akateremka Bonde la Ufa, akaenda kujenga boma ng'ambo ya Ziwa Magadi, mahali ambapo mawe ni meusi na joto hulala na watu kitanda kimoja.

Baba mkubwa alibaki. Hakuwa mtu mbaya, usije ukamhukumu haraka. Niliporudi kutoka Kanada nilimwuliza mbona haendi. Akanijibu, "Kila mwaka nasema mvua ikinyesha nitaenda. Ikinyesha, nasema wacha barabara ikauke. Ikikauka, ng'ombe wanataka maji." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejikuna mahali pasipowasha. Wahenga wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi tulilima miaka na miaka, na kapu likaozea msumarini.

Kisha ikaja mvua moja iliyopita kiasi. Jioni moja simu yangu ikalia. Alikuwa mama. Kutoka bomani kwao, ukitaka mtandao, sharti upande kilima, kwa hiyo nilijua kabla hajasema kwamba hajapanda kunisalimu.

"Baba yako amekataa hata uji," alisema akihema. "Tangu jana anaita jina la kaka yake. Usiniulize mengi. Mlete."

"Nimwambie nini, mama?"

"Mwambie akuje na maziwa. Baba yako mwenyewe amesema."

Nilikwenda kwa baba mkubwa jioni ile ile. Alikuwa amebakiwa na ng'ombe wachache, aliowachunga kando ya barabara na nyuma ya majengo ya watu. Nilimpa ujumbe. Aliniangalia sana. "Amesema maziwa? Kwa mdomo wake?" Nikamwambia ndiyo. Alfajiri nilipokwenda kumchukua nilimkuta akifanya jambo ambalo kwetu mzee halifanyi: amekisafisha kibuyu mwenyewe kwa kijinga cha moto, na sasa amechuchumaa chini ya ng'ombe, anakama. Hizo ni kazi za wanawake. Mke wake alikuwa amesimama pembeni na shuka begani, hajui acheke au alie.

"Hee! Huyo ng'ombe atanyima maziwa leo," alisema. "Hiyo mikono hajawahi kuiona."

"Amesema mkono wangu," baba mkubwa akajibu bila kugeuka. "Hakusema wako."

Barabara ya Magadi ilikuwa imekatika. Maji yalikuwa yamebeba daraja huko mbele ya Kiserian, na magari yalikuwa yamelala foleni hadi Rongai. Mtu mwingine angekaa akangoja maji yapungue. Mimi sikuwa mtu mwingine. Nilikwenda kwa Lemayian, rubani wa kiwanja chetu, rika langu na rafiki yangu, nikamwambia baba mkubwa atakwenda kumwona ndugu yake kwa ndege. Sikumbuki mzee mwingine katika ukoo wetu aliyewahi kupelekwa hivyo na mtoto aliyejisomesha. Niliona fahari, na sioni haya kuitaja, kwa sababu fahari ile haikuwa na kosa.

Injini niliikagua mwenyewe. Nilitazama mafuta, nikachuja petroli kuona kama ina maji, nikagusa kila waya na kila mrija. Hadi leo nasema niliikagua vizuri, na mafundi walioifungua baadaye walisema hivyo hivyo: valvu moja ilikatika ndani ya silinda, mahali ambapo jicho la mtu halifiki mpaka injini ipasuliwe. Chuma nacho kina siku yake. Ningefurahi, mwanangu, kama kungekuwa na mtu wa kulaumiwa. Lawama ni kiti. Mtu hukaa hapo akapumzika.

Lemayian alikuwa na mdomo. "Umekagua injini," aliniuliza, "ama umeionyesha tu diploma?"

"Nimefanya yote mawili. Ndiyo maana imenyamaza kwa heshima."

Baba mkubwa aliizunguka ndege akiishika kwa fimbo kama anayenunua ng'ombe mnadani. "Hiki kitu kinakaa panzi," alisema.

"Ni panzi amesoma, Papa," Lemayian akamwambia, maana kwetu mzee huitwa Papa, akainamisha kichwa kupokea mkono wake. "Panda. Kabla chai ya saa nne tutakuwa kwa ndugu yako."

Tukapaa. Baba mkubwa alikuwa nyuma, kando ya dirisha, kibuyu kimelala mapajani pake kama mtoto mchanga. Mimi nilikaa karibu naye. Juu ya Kitengela alibandika uso kwenye kioo akauliza, "Pale kwa mama ni wapi?" Nilitafuta. Nilimwonyesha upande, lakini kusema kweli sikuona chochote ila mabati, matangi meusi ya maji na nguo zilizoanikwa juu ya fleti. Aliendelea kutafuta mpaka tukafika vilimani. Kisha akasema, kana kwamba anajifanyia mazoezi, "Nilikosa." Akaijaribu tena kwa sauti ya chini zaidi. Nilijifanya sisikii.

Tulikuwa tumeshavuka ukingo wa Bonde la Ufa, ardhi imeanguka chini yetu na ziwa linaonekana mbele, jeupe huku, jekundu kule, injini ilipokohoa. Mimi nazijua injini. Kuna kikohozi cha mafua na kuna kikohozi cha kifo. Ilipiga kama nyundo mara chache, ndege yote ikatetemeka, mafuta meusi yakarukia kioo cha mbele, halafu kukawa na kimya. Sijui kama umewahi kusikia upepo peke yake ndani ya ndege. Usiombe.

Lemayian hakuwa na mzaha tena. Alizungumza kwenye redio kwa maneno machache, akataja mahali tulipo. Chini yetu hapakuwa na uwanja wala barabara. Ni matuta ya mawe meusi, moja baada ya jingine, kama ngazi iliyovunjwa. Mahali tambarare palikuwa ziwani tu, na mvua zilikuwa zimeacha maji juu ya magadi.

"Naenda kwa maji," alisema. "Fungeni mikanda mpaka iume. Papa, weka hicho kibuyu chini, ufunike uso na mikono!"

"Siweki," baba mkubwa akasema.

"Papa!"

"Endesha ndege yako."

Ninavyojua mimi, ndege yenye magurudumu yasiyokunjwa ikitua majini, magurudumu hushika na ndege hupinduka. Lemayian aliinua pua akaishikilia hivyo mpaka mkia ukagusa kwanza. Tuligonga, tukaruka, tukagonga tena, halafu pua ikazama kwenye tope na mkia ukapanda juu. Dirisha la upande wa baba mkubwa lilipasuka. Maji yaliingia kama ndoo iliyotupwa na mtu mwenye hasira, yakampiga usoni moja kwa moja. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu, imekishika kibuyu kisiguswe na maji. Hakuwa na mkono wa tatu wa kujikinga macho.

Tulikuwa wazima. Hilo ndilo lililonifanya nipige kelele za furaha kama mjinga. Lemayian alikuwa na jeraha kwenye paji la uso, mimi mbavu zilinichoma, na maji yalikuwa ya kiunoni, ya moto, yanateleza kama sabuni. Flamingo waliruka wote mara moja, anga ikawa ya waridi. Nilimvuta baba mkubwa nje, Lemayian akanisaidia kumpandisha juu ya bawa, ambalo lilikuwa limebaki juu ya maji. Nikajaribu kushuka nitembee kwenda ufukoni. Hatua yangu ya kwanza ilizama hadi gotini, ya pili hadi pajani, na Lemayian akanivuta kwa ukosi wa shati. Tope la magadi halimwachi mtu akabadili nia. Ng'ambo, upande wa machweo, niliweza kuona moshi mwembamba wa maboma. Mojawapo ya maboma hayo lilikuwa la baba yangu. Ungeweza kulifunika kwa ukucha.

Ndipo nikamtazama baba mkubwa usoni. Alikuwa amefumba macho na machozi yanamtoka bila kukatika. Alikuwa akijipangusa kwa shuka, na shuka lenyewe limelowa maji yale yale.

"Usijipanguse, Papa! Hayo maji yanaunguza."

"Nimeona," alisema. Kisha akacheka. "Yaani, nimesikia."

Huko nilikosomea tulifundishwa: dawa yoyote ya kuunguza ikiingia machoni, osha, osha, osha, mpaka mkono uchoke. Tulikuwa na chupa moja ndogo ya maji ya kunywa, ya Lemayian. Niliimimina yote machoni pake, na ikaisha kabla haijasaidia. Aliyafungua macho kidogo. Yalikuwa mekundu kama nyama mbichi, na katikati yameanza kuwa na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Kilichobaki juu ya bawa lile kilikuwa kibuyu.

Sasa nisikilize hapa, mwanangu, maana hapa ndipo moyo wangu hukwama kila mwaka.

"Papa, nipe kibuyu," nilimwambia.

"Cha nini?"

"Nikuoshe macho. Maziwa yataondoa magadi."

"Maziwa haya si yangu. Na si yako."

"Papa, unapofuka. Sikutishi. Hili jambo nimelisomea."

"Najua umesoma." Hakusema kwa dharau. Alisema kama anayenishukuru. "Lakini yule ananingoja mimi. Nikifika na macho bila maziwa, nitakuwa nimekuja kumtazama akifa. Nikifika na maziwa bila macho, nitamwona kwa mikono."

"Tutapata maziwa mengine! Ng'ombe wako kila mahali ufukoni!"

"Amesema ya boma langu."

Lemayian aliwaka. Damu ilikuwa imemshuka hadi kidevuni. "Mnyang'anye!" aliniambia. "Unangoja nini? Si ni wewe umesoma? Mshike mikono, mimi nimimine!"

Niliushika mkanda wa kibuyu. Ni kweli, niliushika, na baba mkubwa akauhisi. Hakuvutana nami. Aligeuza uso wake upande wangu, macho yamefumba, akasema polepole, "Ukichukua kwa nguvu hutakuwa umeniosha. Utakuwa umeniibia. Mimi sitakulaani. Nitakunyamazia tu, hadi nizikwe."

Ukiwa mtoto wa Kimaasai unajua kimya cha mzee ni kitu gani. Laana huombewa ikaondoka. Kimya hakina pa kuanzia.

Niliachia mkanda.

Tulikaa juu ya bawa lile mchana kutwa, simu zimelowa na redio imezama. Jua lilihama kutoka bega moja hadi jingine. Tulimfunika baba mkubwa kwa koti langu, na kila nilipomtazama ukungu ulikuwa umezidi. Aliniuliza kama moshi bado unaonekana ng'ambo. Nikamwambia unaonekana. Baadaye akauliza tena. Akauliza na mara nyingine, kama mtoto safarini, na mimi nikawa najibu tu, "Upo, Papa. Bado upo." Alizungumza juu ya baba walipokuwa wadogo, jinsi siku moja walivyopoteza ndama na baba yangu akadai ni yeye aliyelala malishoni, kumbe aliyelala ni Leteipa. "Alichapwa kwa ajili yangu," alisema. "Na mimi nilimwacha achapwe."

Wachungaji walituona kutoka ufukoni wakapeleka habari. Jua lilipokuwa limelegea, vijana wa pale na wafanyakazi wa magadi walikuja wakikokota mabati juu ya tope, wakiyafunga kwa kamba, wakitandika moja mbele ya jingine kama daraja linalotembea. Walitulaza juu ya mabati wakatuvuta. Waliokuwa na pikapu ufukoni walikuwa na maji ya kutosha, na hapo mzee aliwaruhusu wamwoshe. Maji yalitiririka hadi pipa likaisha. Alifungua macho. Alisema anaona weupe tu.

"Hospitali," Lemayian akasema.

"Kwa ndugu yangu," baba mkubwa akasema, na kibuyu kilikuwa bado kifuani pake.

Tulifika bomani giza likianza kuingia. Nilikuwa wa kwanza kushuka. Mama alikuwa amesimama langoni, peke yake, na sikuhitaji kuambiwa. Kuna namna mwanamke husimama pale ambapo hakuna tena mtu wa kumwita ndani.

"Ameondoka alfajiri," alisema. "Nilimtuma mchungaji akapanda kilima akupigie. Alisema simu yako imezimwa."

Nilikuwa nimeizima tulipoingia ndani ya ndege. Ndiyo sheria ya ndege.

Baba mkubwa alikuwa nyuma yangu, ameshikwa mkono na Lemayian. "Alfajiri gani?" aliuliza.

"Ya leo, shemeji."

Nilimwona akihesabu moyoni, na mimi nilikuwa nimeshamaliza kuhesabu. Moto haukuwa umezimika, kwa hiyo moshi nilioutazama mchana kutwa haukuwa wa uongo. Lakini mtu aliyekuwa akilindiwa maziwa juu ya bawa alikuwa ameshaondoka kabla ng'ombe wa Kitengela hajamaliza kukamwa.

"Nipelekeni," baba mkubwa akasema.

Baba alikuwa amelazwa ubavu, amefunikwa shuka jekundu. Tulimpigisha magoti baba mkubwa kando yake. Alimwona kwa mikono, kama alivyosema: paji la uso, pua, masikio yale yaliyotobolewa siku moja na yake. Kisha akasema lile neno alilolifanyia mazoezi angani. "Nilikosa." Lilitoka vizuri. Lilikuwa neno zuri sana. Akafungua kibuyu, akapapasa mdomo wa ndugu yake kwa kidole, akamimina.

Maziwa hayakuingia. Yalitiririka shavuni, yakaingia sikioni, yakalowesha ngozi aliyolalia.

"Ameyakataa," baba mkubwa akasema.

"Hajayakataa, shemeji," mama alimwambia, akipangusa kwa upindo wa kanga. "Hayupo."

Sijawahi kusikia kilio kama kile, na kilitoka kwa mtu ambaye, kwa mila zetu, hakutakiwa kulia.

Madaktari walijaribu. Jicho moja lilibaki likitambua mchana na usiku, kisha nalo likafunga. Nilimchukua baba mkubwa nikaishi naye katika nyumba yangu mpaka alipofariki. Alikula vizuri, alivaa vizuri, alilala kwenye godoro ambalo wazee wengi hawajawahi kuligusa; katika hilo sikumpungukia. Lakini maziwa hakunywa tena. Akiletewa chai alitaka iwe ya rangi. Na mimi nikilala hujiuliza. Ningemnyang'anya kile kibuyu, angekufa na macho yake. Watu wa kanisani huniambia nilitenda kwa heshima. Lemayian hadi leo huniambia nilitenda kwa ujinga. Mimi sijui, mwanangu, na mimi si mtu aliyezoea kusema sijui.

Ninachokijua nitakwambia. Nawaona vijana wa hapa Kitengela, wa Kajiado, wa Rongai, mnavyogombana juu ya ploti za baba zenu. Mnazuia namba za ndugu zenu zisipige. Mnapishana kanisani kama wageni. Kila mmoja anangoja: mwenzake aanze, mahindi yavunwe, watoto wafunge shule, mvua iishe. Unadhani muda ni wako kwa sababu una gari, una simu, unaweza hata kukodi ndege kama mimi. Mimi nilikuwa na ndege, na fundi wake nilikuwa mimi mwenyewe, na rubani wangu alikuwa hodari kiasi cha kututua ziwani tukiwa hai. Hatukukosa chochote cha safari. Tulikosa miaka iliyotangulia safari, na hiyo hakuna injini inayoifidia. Wanasema kawia ufike. Methali hiyo ni ya mizigo na wasafiri. Sisi tulikawia, tukafika, na tulichofikia hakikuwepo.

Kwa hiyo kama umemkosea ndugu yako, nenda leo kwa miguu, barabara ikiwa mbovu vile vile, na neno lako likiwa bado halijakaa sawa mdomoni. Usingoje lipendeze. Na kama ni wewe uliyekosewa, usiweke masharti ambayo mwenzako itambidi ayabebe huku anazama. Baba yangu alikuwa na haki yake, na haki yake ilimgharimu kaka yake macho. Sikupi tumaini nisilokuwa nalo. Kuna mambo ambayo yakishapita hayaombewi, unaishi nayo tu mpaka ufukiwe nayo. Lakini wewe bado hujafika hapo. Hiyo ndiyo tofauti pekee kati yangu na wewe, na ni kubwa kuliko diploma yangu na nyumba yangu.

Enkai, Mungu wetu, akupe miguu yenye nguvu bado. Akupunguzie maneno ya kujitetea, akuongezee yale mafupi. Mlango utakaoubisha ufunguliwe na mwenyewe aliye hai, akutukane kwanza ikibidi, kisha akukaribishe ndani. Na uzee wako uwe na mtu wa kukuita kwa jina lako la utotoni. Itikia pamoja nami, mwanangu, kama tunavyoitikia baraka za wazee, hata kama uko peke yako: Naai.